Chungu cha Chumbani

Soketi iliyokuwa ikifanya kazi katika nyumba ile ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa chumbani, nyuma ya kitanda. Hilo ndilo lililomponza Asteria, ingawa alfajiri ile aliliona kuwa bahati. Alivuta kitanda, akaweka chungu cha umeme juu ya kigoda, akachomeka waya na kusubiri kitaa chekundu kiwake. Kilipowaka akashusha pumzi. Kwa siku zote za msiba hakuna kitu kilichokuwa kimemtii hivyo.

Binti yake mkubwa, Blessing, alikaa sakafuni akimenya vitunguu vidogo vidogo, machozi yakimtoka. Mdogo, Agnetha, alikuwa bado amelala kwenye godoro lililosogezwa ukutani.

"Usivikate," Asteria alisema. "Vinaingia vizima."

"Na mafuta unaweka lini, mama?"

"Siweki. Yatatoka kwenye nyama yenyewe."

"Na maji?"

"Kidogo tu. Mengine yatatoka kwenye vitunguu na nyanya."

Blessing alikitazama chungu kile cheupe, kizito, kilichotulia kama hakina habari. "Sasa hapo unapika au unaanika?"

Asteria akacheka. Alikuwa hajacheka tangu mumewe, Ndaki, afunikwe na kifusi kwenye duara, shimo la dhahabu alilokuwa akichimba nje kidogo ya Runzewe. Alishangaa sauti yake mwenyewe, akaziba mdomo kwa upande wa kanga, maana nje kulikuwa na wakwe.

Chungu hicho aliachiwa Geita mjini na Kosta, Mgiriki aliyekuwa msimamizi wa watoboa miamba wa kampuni ya ukandarasi, wakati Asteria akiwa mpishi wake. Kosta alikuwa mtu wa kufoka wiki nzima. Jumapili tu ndiyo alikuwa binadamu, anaingia jikoni na kumfundisha kupika nyama ya kwao, akimtaja marehemu mama yake kwa kila kiungo anachotia. Nyama ya kidari vipande vikubwa, vitunguu vizima, saumu, nyanya ya kopo, siki, kijiti cha mdalasini, na majani makavu marefu ya mti wa huko kwao. Unafunika asubuhi, unafunua jioni. Katikati hapo hakuna kugusa. Alipohamishwa, alimwachia Asteria chungu na kopo la majani, akaondoka bila kuaga vizuri, maana kuaga nako kulikuwa kunamtia hasira.

Mdalasini alipewa jana na Tabu, jirani yake mwenye duka la viungo, aliyekataa kupokea chochote. Nyama aliifuata buchani Blessing. Mwenye bucha alimuuliza kwa sauti, mbele ya watu, kama mjane ana hamu ya nyama kiasi hicho, watu wakacheka. Blessing hakumwambia mama yake. Alimwambia tu kwamba kidari kilikuwapo.

Asteria alitia kila kitu, akafunika. Leo matanga yanaanuliwa. Watu wakishakula, ukoo utaketi kuamua juu ya nyumba hii, na neno la baba mkwe wake, Mzee Mageni, ndilo litakalosimama. Kaka wa marehemu Ndaki, Mwigulu, mfanyabiashara wa Maganzo, alikwisha kusema anaitaka. Iko kando ya barabara, alisema, na ndugu yake hakuacha mtoto wa kiume. Tofali za nyumba hiyo Asteria alizifyatua yeye na Ndaki, kiangazi kizima, yeye akiwa na mimba ya Agnetha. Mwigulu alikuja kuiona mara ya kwanza siku ya mazishi.

Kwa nini basi nyama? Siku ya tatu ya msiba, kupitia upenyo wa pazia, Asteria alimwona Mzee Mageni akila. Mzee hakuwa na meno ila mawili ya pembeni. Aliinyonya nyama, akaigeuza mdomoni, kisha akaitoa taratibu na kuifunika kwa tonge la ugali ukingoni mwa sahani, ili waliopika wasione aibu. Siku ya nne akafanya vile vile. Wote wakasema mzee anakula vizuri. Asteria peke yake ndiye aliyejua kwamba baba wa marehemu alikuwa analala na njaa katika msiba wa mwanawe, na jambo hilo lilimuuma kweli. Tusimfanye malaika, hata hivyo. Lilimuuma, na papo hapo akaona mlango. Alitaka mzee ale ashibe, na aliitaka nyumba yake.

Kulikuwa na kikwazo kimoja. Kwa desturi ya ukoo ule, mjane hainamii mafiga mpaka matanga yaanuliwe. Anakaa mkekani, kichwa kimenyolewa, analetewa. Asteria aliliwaza jambo hilo usiku kucha, akalipatia jibu lililomridhisha: chungu hiki hakina moto. Hakina mafiga, hakina kuni, hakina moshi. Mwiko ni wa moto. Palipo na waya tu hapana mwiko.

Alirudi mkekani sebuleni, akaketi, akakunja miguu. Nyuma ya pazia la chumbani chungu kilianza kazi yake bila kutoa sauti.

*

Nje, chini ya turubai, wanawake wa ukoo walikuwa wakipika chakula cha watu. Aliyewasimamia alikuwa Bernadina, mke wa Mwigulu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Alijua kupikia halaiki, na ng'ombe aliyechinjwa alikuwa mzee, hivyo nyama ilichemka tangu alfajiri bila kuonyesha dalili ya kusamehe mtu. Bernadina alikuwa na alama kongwe juu ya nyusi ya kushoto. Wanawake wote waliiona na hakuna aliyeuliza.

Jua lilipopanda harufu ikaanza kutoka dirishani. Haikuwa harufu ya mchuzi. Ilikuwa tamu na kali kwa pamoja, harufu ya kitu kinachofanyika polepole. Wanawake wakainua pua. Mmoja akasema, "Kwa mjane kuna nini?" Wa pili akasema ni uvumba. Bernadina akaweka mwiko chini, akajifuta mikono, akaingia ndani.

"Mke wa Ndaki, pole."

"Nimeshapoa, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Kuna nini kinanukia humu?"

"Nimemtengenezea baba nyama laini. Hawezi kutafuna ile ya nje."

"Umeinamia moto?"

"Hakuna moto, dada. Ni umeme."

Bernadina aliligeukia pazia. "Unapika chumbani? Pale ulipokuwa unalala na marehemu?"

"Soketi ndiyo iko huko."

Akalisogeza pazia kwa kidole. Alikiona chungu juu ya kigoda, kati ya kitanda na ukuta, kitaa chake chekundu kikiwaka gizani. Hakikutokota wala kufuka moshi. Mfuniko wa kioo ulikuwa umejaa jasho kwa ndani.

"Kifunue nione."

Asteria alisita. Laiti angekifunua. Hata nyama ingechelewa, hata ingekuwa ngumu kidogo, asingepoteza alichopoteza. Lakini alikuwa amefundishwa na mtu wa kufoka, na mafundisho ya namna hiyo hukaa mwilini.

"Hapana, dada, nisamehe. Hakifunuliwi mpaka jioni. Ukikifunua kinaharibika."

Bernadina aliachia pazia. "Haya," akasema, akatoka. Alipofika kwenye mafiga wanawake walimwuliza ni nini, naye akajibu kwamba ni nyama tu. Kwa asubuhi ile yote hakusema zaidi ya hapo, na ni haki yake tuliseme hilo.

*

Watu waliketi kula jua lilipoanza kulegea. Mzee Mageni aliwekwa kwenye kiti cha mbao katikati, kulia kwake Mwigulu aliyevaa koti juu ya shati jipya, kushoto Ngassa, mwenyekiti wa kitongoji, aliyealikwa ili awe shahidi. Sahani ya mzee ilikuja na nyama ya ng'ombe mzee. Akaanza kuinyonya.

Mkwe hamwandalii baba mkwe uso kwa uso, basi Asteria alibaki nyuma ya mlango na kumtuma Blessing. Mtoto akaenda na bakuli lililofunikwa, akapiga magoti.

"Guku, karibu chakula."

"Kingine tena? Hiki ni nini, mjukuu wangu?"

"Nyama, guku. Mama amesema ukate na kijiko."

Watu wakatabasamu. Mzee akachukua kijiko, akakigusisha kwenye pande la nyama, likaachana lenyewe. Akalitazama. Akatia mdomoni, akafumba macho. Hakutafuna, maana hapakuwa na cha kutafuna. Akameza. Kisha akala bila kuzungumza na mtu, akachovya ugali, akakisaka kitunguu kilichokuwa kimejificha chini, na ukingoni mwa bakuli hakuficha kitu.

"Ipo nyingine?" aliuliza.

Blessing alikimbia. Kule nyuma ya mlango Asteria alipakua kwa furaha. Alipakua haraka, hakutoa kijiti wala majani kama alivyokuwa amefanya kwenye bakuli la kwanza.

Mzee alilimaliza na hilo. Mabakuli yakawekwa chini ya kiti chake. Watu wakanawa. Mwigulu akasimama, akakohoa, akayasema aliyokuwa ameyapanga: kwamba ndugu yake ametangulia, kwamba nyumba ya ukoo haiwezi kukaa mikononi mwa mtu wa nje, kwamba yeye kama kaka ataichukua na kuifanya ya wageni wapitao barabarani, na kwamba mjane atarudi kwao kwa heshima. Kuhusu wasichana, mama yao aende nao. Hakuna aliyewataka, na hiyo ndiyo nafuu pekee aliyopewa Asteria siku ile.

"Baba, jana usiku tulikubaliana hivyo," alimalizia. "Tunaomba neno lako."

Mzee Mageni alilamba midomo.

"Jana nilikubali," alisema. "Leo nimekula. Tangu nije hapa sijala, ninyi hamkuona. Huyu mama ameniona." Sauti yake ikalowa. "Ndaki alikuwa akija nyumbani nilikuwa namwambia, ng'wanone, mwanangu, umenenepa, kwenye mashimo watu wanakonda. Anacheka tu. Sasa nimejua. Mtu aliyemshibisha mwanangu mimi simtoi nje. Abaki. Nyumba ni yake na watoto wake."

Nyuma ya mlango Asteria aliketi chini. Alimvuta Agnetha kifuani, akalia bila sauti, na kwa mara ya kwanza tangu msiba kilio kile kilikuwa kitamu. Tabu, aliyekuwa amekaa na majirani karibu na ukuta, akanong'ona "Alhamdulillahi." Mambo yangeishia hapo katika dunia iliyo bora kuliko hii yetu.

Mwigulu hakupandisha sauti. Aliinama chini ya kiti cha baba yake, akaokota bakuli, akaingiza vidole viwili. Akatoa kijiti cha rangi ya kahawia kilichojikunja. Kisha akatoa jani refu, jeusi kwa mchuzi, zima, halijachanika.

"Baba," alisema kwa upole mkubwa, "umekula nini?"

Watu wakasogea.

"Gome la mti," alisema Mwigulu. "Na jani. Jana tumekaa, umesema jambo kwa kinywa chako, watu wanne tumesikia. Leo umekula gome na jani, umesema jambo jingine. Mimi simshitaki mtu. Nauliza tu."

Kila mtu alilielewa neno ambalo hakulitaja. Limbwata. Lile ambalo mwanamke hulitia katika chakula cha mwanaume mpaka akili yake ilegee, awe wa kusema ndiyo. Na sasa watu wakaanza kukumbuka: Ndaki alivyokuwa akitoka kwenye duara moja kwa moja hadi nyumbani, hapiti kilabuni. Ndaki alivyokuwa akimteka mkewe maji. Ndaki ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akimfokea Asteria. Mambo yote mema aliyofanya marehemu yakageuka ushahidi.

Tabu alisimama. "Hicho ni mdalasini. Nimempa mimi kwa mkono wangu. Hata wewe Mwigulu umekula pilau kwangu juzi, kulikuwa na vijiti hivyo hivyo, ukaviweka pembeni ya sahani."

Ilikuwa kweli, na Mwigulu alikuwa anajua kwamba ni kweli. Alikijua kijiti kile tangu kilipogusa vidole vyake.

"Sawa, mama. Hicho ni cha pilau," alisema. "Na hili?"

Akampa jani. Tabu aliligeuza, akalinusa, akalinusa tena. Angeweza kusema uongo. Lakini alikuwa mtu wa duka la viungo na alijivunia kujua vitu vyake, na kusema unakijua usichokijua hakukuwa katika tabia yake.

"Hili silijui," alisema.

"Ni jani la chakula," sauti ya Asteria ilitoka ndani. "La kizungu. Linatia harufu tu. Baba, linatia harufu tu."

"Limepikwa wapi?" Mwigulu aliuliza. Akamgeukia mkewe. "Bernadina. Limepikwa wapi?"

Bernadina alikuwa amesimama na ndoo ya maji ya kunawia. "Chumbani," alisema.

"Kwenye moto?"

"Hapakuwa na moto."

"Ulimwomba akuonyeshe?"

Bernadina aliangalia ndoo. "Alisema hakifunuliwi mpaka jioni."

Basi. Kila neno lilikuwa la kweli, na kwa maneno ya kweli matupu mwanamke akamalizwa.

Asteria alitoka nje. Hakuwa anatakiwa kutoka, lakini alitoka, kichwa wazi, chungu mikononi, waya ukiburuta vumbini nyuma yake. Akakiweka mbele ya watu, akafunua, akachota kwa mkono, akala. Akala kipande cha pili. Akatafuta jani chini ya mchuzi, akalitia mdomoni, akalitafuna mbele yao mpaka uchungu ukamtoa machozi, akalimeza.

"Nimekula," alisema. "Niangalieni."

"Ya kwako haiwezi kukudhuru," alisema Mwigulu.

Asteria akamgeukia Ngassa. "Mwenyekiti, wewe umesoma. Waambie."

Ngassa alikuwa akitazama simu yake. Akaiweka mfukoni. "Mama, serikali haiamini uchawi," alisema. "Na mambo ya ukoo serikali haiyaingilii. Mimi nimeitwa kushuhudia tu." Akaangalia saa, akaomba radhi, akaondoka. Alikuwa ameshakula.

Lakini hayo yote Asteria angeyavumilia. Alichoshindwa kukivumilia ni Mzee Mageni. Mzee alikuwa ameinuka kwenye kiti. Alikwenda kwa mwendo wa haraka kuliko umri wake hadi nyuma ya choo, na watu wote walimsikia akijitia kidole kooni. Walimsikia akikohoa, akijaribu tena, akitapika. Chakula alichokula kwa raha kikatoka chote juu ya majani ya maboga. Blessing alimpelekea maji, akayakataa, akaomba mtu mwingine ndiye amletee.

Aliporudi alikuwa akijifuta midomo kwa kiganja. Alikuwa mzee mwenye hofu, hakuwa mtu mbaya. Hakumtazama mkwewe.

"Mayu, mama," alisema akiangalia ardhi, "ulichonilisha sikijui. Labda ni chakula. Mdomo wangu ndio uliosema pale, si mimi. Neno langu ni lile la jana."

"Baba, si ulishiba?" Asteria aliuliza, kwa sauti ndogo kabisa. "Si ulisema ulishiba?"

Mwigulu alichukua mchi wa kutwangia uliokuwa umeegemezwa ukutani, akaupiga katikati ya chungu. Chungu kilikuwa kigumu. Kilihitaji pigo la pili, kisha kikapasuka vipande vitatu vikubwa, na mchuzi ukaenda zake kwenye vumbi. Kuku wakaja. Ndani ya nyumba mita ya umeme ilikuwa imeanza kulia kwamba uniti zinakwisha, na hapakuwa na wa kuinyamazisha.

Baadaye mzee alisimama, akanyunyizia watu maji, matanga yakaanuliwa. Asteria aliambiwa kwamba tangu sasa yu huru, anaweza kushika moto na kupika apendavyo. Na kesho aondoke.

*

Kulipopambazuka Asteria alikuwa amekwisha kufunga mizigo. Haikuwa mingi: godoro, sufuria mbili, nguo za watoto, na picha ya Ndaki akiwa na kofia ya plastiki ya mgodini, anacheka. Tabu alimwambia waende baraza la kata, kuna sheria ya wajane. Asteria alimshukuru. Alijua kuna sheria. Alijua pia kwamba huko barazani atakayeulizwa swali la kwanza ni yeye, na swali lenyewe litakuwa juu ya jani. Habari ilikuwa imeshafika stendi. Asubuhi ile ile mwanamke wa mgahawa, aliyekuwa amemwahidi kazi ya jikoni, alimtuma mtu kusema kwamba kwa sasa nafasi imejaa.

"Tunakwenda wapi, mama?" Agnetha aliuliza.

"Kwa bibi."

"Bibi ana umeme?"

"Hana," alisema Blessing. "Nyamaza."

Pazia likasogezwa. Alikuwa Bernadina, kajitanda kanga mbili. Alitazama nyuma, akaingia, akachuchumaa karibu na mzigo kana kwamba amekuja kusaidia kufunga kamba. Wakwe wote walikuwa bado wamelala, Mwigulu kwenye kochi la Ndaki, mlango wa sebule ukiwa umefungwa.

"Mke wa Ndaki."

"Dada."

"Usinifikirie vibaya kwa jana. Aliniuliza, nikajibu."

"Ulisema kweli, dada."

Bernadina alishika kamba, akaiachia. "Yale majani. Yamebaki?"

Asteria hakuelewa. "Wanataka kuyachoma na hayo?"

"Hawajui kama niko hapa." Sauti yake ya chini ilizidi kushuka. "Nipe mimi."

Blessing aliacha kufunga alichokuwa akifunga.

"Dada, yale ni majani ya mchuzi," alisema Asteria. "Yanatia harufu. Hakuna kingine. Wewe ulikuwepo, uliona nilivyoyala."

"Niliona na mzee alivyobadilika. Wewe si umeona? Usiku wa kuamkia jana alikuwa amesema hapana, na akisema hapana huyo, hata mke wake hamgeuzi."

"Alikuwa na njaa, dada. Mtu mwenye njaa akishiba..."

"Na Ndaki?" Bernadina alimkatiza. "Miaka yote hiyo. Hakuwahi kukuinulia mkono. Nilipokuwa nikiambiwa, nilisema ni uongo. Nikaja kwenye msiba nikawauliza majirani zako kimya kimya, wote wakasema hakuwahi. Hata mara moja."

"Ndaki alikuwa mtu mwema tu."

Bernadina alimtazama, na machozi yakaanza kumteremka. Hakuwa akimlilia Asteria. Lile aliloambiwa hakuweza kuliamini. Kwamba mwanaume anaweza kuwa vile bila kupewa kitu, bure, kwa kuwa ndivyo alivyo tu, na kwamba yeye hakubahatika: hilo lilikuwa gumu kumeza kuliko jani lolote. Aligusa ile alama juu ya nyusi bila kujua kwamba anaigusa.

"Usininyime," alisema. "Nimekukosea, lakini usininyime."

Asteria alikuwa amechoka. Angeweza kumfukuza. Angeweza kupiga kelele waamke wote waje wamwone mke wa Mwigulu amepiga magoti anaomba limbwata, na labda, labda, ingemsaidia. Lilimpitia wazo hilo, akilini akamwona Mwigulu akiamka kwenye kochi, akaona mkono wake, akaliacha. Alifungua fundo la nguo, akatoa kopo. Yalikuwa yamebaki majani manne. Akamwekea yote kiganjani.

"Nyama ya kidari," alisema. "Vitunguu vizima. Siki kidogo. Huhitaji umeme, hata chungu cha kawaida, juu ya mkaa uliofunikwa jivu."

"Na maneno?"

"Maneno gani?"

"Ya kusema wakati wa kutia."

Blessing alimtazama mama yake. Asteria alitazama chumba: ukuta aliousiliba kwa mikono yake, soketi nyuma ya kitanda, alama nne za miguu ya kigoda sakafuni.

"Usifunue mfuniko mpaka jioni," alisema.

"Usifunue mfuniko mpaka jioni," Bernadina alirudia polepole, midomo ikicheza, mara mbili, asije akakosea. Akayafunga majani kwenye pindo la kanga.

Asteria alijitwisha godoro, akamshika Agnetha mkono. Na kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyekuwa macho wa kumkabidhi, akampa yeye ufunguo wa nyumba.